Kubadili Nafsi Pasipo Joho

Wako wadhanio kwamba mwigizaji hubadili nafsi kwa joho na ndevu za bandia. Walakini Sizwe Bansi Is Dead, tamthilia waliyoitunga pamoja Athol Fugard, John Kani na Winston Ntshona, na kuonyeshwa mara ya kwanza Cape Town mwaka 1972, yaibatilisha dhana hiyo kwa waigizaji wawili tu na vyombo vichache vya jukwaani.

Kani ndiye afunguaye, akiwa Styles, mpiga picha wa New Brighton, gazeti mkononi. Na maneno yake ya mwanzo hayakufungwa na maandishi, kwani alikuwa akizitwaa habari za siku ile ile na kuzisemea mbele ya hadhira, hata akaingia taratibu katika kisa cha Henry Ford wa Pili kukizuru kiwanda cha magari cha Port Elizabeth. Hapo yeye mmoja sharti awe msimamizi Mzungu atoaye amri, awe mkalimani aigeuzaye amri ile kuwa dhihaka asiyoifahamu bwana, tena awe wafanyakazi waipokeao. Ufundi huu, kwa rai yangu, haumo katika sauti ila katika macho: kabla bwana hajanena, mwigizaji amekwisha kumwekea mahali pake na kimo chake, hata akimwinulia uso, hadhira humwona pale pasipo na mtu.

Baadaye Kani huwa Buntu, naye Ntshona ni Sizwe, ambaye kipande chake hakimruhusu kukaa mjini. Buntu amshawishi atwae kipande na jina la maiti waliyoikuta njiani usiku, Robert Zwelinzima. Na ili amzoeze, mara ajifanya polisi, mara mwajiri, akimsaili jina na nambari. Wengi humsifu Kani kwa wepesi wa kugeuka, nami simnyimi sifa hiyo, lakini naona kazi iliyo ngumu zaidi ni ya Ntshona: aliyehifadhi kila neno hana budi kulitamka kama asiyelijua bado, avute pumzi katikati ya nambari, mahali ambapo mwenye kuhifadhi asingepumua, na kusitasita kwake kuzaliwe upya kila usiku. Pasipo uzito huo wa Sizwe, yule polisi wa Buntu angekuwa mzaha mtupu.

Tuzo ya Tony ya mwaka 1975 walipewa wote wawili kwa pamoja, kwa tamthilia hii na nyingine yao, The Island; wala sioni ni kwa hoja gani ingalipewa mmoja.