Sauti ni Yao, Kipindi ni cha Nani? Tahakiki ya Mafunzo ya Redio kwa Wanawake, kwa Kuangalia Ufuo wa Ziwa Mweru

Utangulizi

Msomaji wa Kiswahili anaposikia jina Kilwa, mawazo yake hukimbilia pwani ya kusini mwa Tanzania, kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani. Lakini zipo Kilwa nyingine mbili katika Ziwa Mweru. Moja ni kisiwa cha upande wa Zambia, katika Wilaya ya Nchelenge, Mkoa wa Luapula. Nyingine ni mji wa ufuoni upande wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Lugha kuu ya Nchelenge ni Kibemba. Ng'ambo ya ziwa kinazungumzwa Kiswahili cha Katanga, na biashara ya samaki huzivusha lugha hizo mbili pamoja na magunia.

Kiswahili hakikufika huko jana. Mwaka 1867 Tippu Tip alipigana na Nsama wa Itabwa, nchi iliyo kati ya Mweru na Tanganyika, na mwaka huohuo David Livingstone akafika Mweru. Miaka 150 baadaye, mwaka 2017, wakimbizi kutoka Kongo walipokewa katika kituo cha Kenani, Nchelenge, na mwaka 2018 yakafunguliwa makazi ya Mantapala katika wilaya hiyohiyo. Wengi wao walikuja na Kiswahili vinywani mwao.

Makala haya yanahusu mafunzo ya utangazaji na utayarishaji wa vipindi vya redio yanayotolewa kwa wanawake katika jamii. Hatukusudii kuyasifu tu, maana sifa zake zimekwisha kuandikwa vya kutosha. Tunakusudia kuyahakiki kama tunavyohakiki kazi ya fasihi: nani anasema, kwa lugha gani, na nani aliyeamua kipi kibaki na kipi kitupwe. Tutatazama mifano ya Zimbabwe, Tanzania, Uganda na Kongo ya mashariki, kisha turudi Nchelenge kuuliza mwanamke wa ufuoni anahitaji kufundishwa nini.

Nachituti na mwenye kipindi

Tuanze na masimulizi ya ufuoni penyewe. Katika bonde la Luapula husimuliwa habari za Nachituti, dada wa Nkuba, mtawala wa Washila. Nkuba alimuua mtoto wa dada yake. Nachituti akaenda kwa Mwata Kazembe kuomba alipiziwe kisasi. Kazembe akamshinda Nkuba, na Nachituti akampa zawadi: kikapu cha udongo na chungu cha maji, yaani nchi na maji yake. Mwanahistoria David M. Gordon alikiita kitabu chake cha mwaka 2006 kwa jina la zawadi hiyo.

Mhakiki hawezi kupita hapo bila kusimama. Mwanamke ndiye anayesema, na neno lake ndilo linaloondoa ziwa katika mkono mmoja na kulitia katika mkono mwingine. Hata hivyo, masimulizi yenyewe yanasimuliwa ili kuhalalisha enzi ya Mwata. Uchungu wa mama umekuwa hati ya umiliki ya mfalme. Kwa lugha ya redio tungesema kwamba Nachituti anasikika, lakini kipindi si chake.

Swali hilohilo ndilo la kuuliza kila tunapoambiwa kwamba redio fulani "imewapa wanawake sauti". Wanawake wa Nchelenge wana sauti tangu hapo. Wanapanga bei, wanatetea deni, wanasuluhisha ugomvi. Wanachokosa ni nafasi ya kuamua kipindi kihusu nini na kiishie wapi.

Nani anashika mkasi?

Katika kazi ya redio kuna tofauti kubwa kati ya mtangazaji na mtayarishaji. Mtangazaji ndiye tunayemsikia. Mtayarishaji ndiye anayechagua mada, anayewatafuta wa kuhojiwa, anayekata na kuunga sauti, na anayeamua nani azungumze mwisho. Mazungumzo ya saa nzima yanaweza kubaki dakika chache. Anayekata ndiye mwandishi wa kweli wa kipindi, ingawa jina lake halitajwi au linatajwa harakaharaka mwishoni.

Mfano mashuhuri ni mradi wa maendeleo kupitia redio ulioanzishwa nchini Zimbabwe mwaka 1988 na chama cha wanawake wanahabari. Wanawake wa vijijini waliunda vikundi, wakajadili shida zao na kuzirekodi kwenye kanda. Kanda zikapelekwa mjini, viongozi wakatafutwa wajibu, na majibu yakarushwa hewani ili vikundi viyasikie. Huo ulikuwa ubunifu mkubwa. Kwa kawaida redio huanza kwa wakubwa na kuishia kwa wadogo. Hapa mdogo ndiye aliyefungua mazungumzo na mkubwa akalazimika kujibu. Lakini mkasi ulibaki mjini. Waliorekodi hawakuwa waliohariri.

Linganisha na mchezo wa redio *Twende na Wakati*, ulioanza kurushwa na Redio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1993. Ulipendwa sana, na wasikilizaji wengi wa rika fulani bado wanamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori, na mkewe Tunu. Mchezo huo ulifundisha mambo ya uzazi wa mpango na UKIMWI kwa njia ya hadithi, nao ulifaulu. Lakini humo mwanamke wa kawaida ni mhusika na ni msikilizaji. Tunu hawezi kumwambia mwandishi, "Mimi nisingesema hivyo." Hatusemi kwamba mchezo wa kuandikwa ni mbaya. Tunasema kwamba si sawa na kipindi ambacho Tunu mwenyewe angekitayarisha, na kwamba wafadhili na wakufunzi wasivichanganye viwili hivi.

Kampala ilipiga hatua zaidi. Chama cha wanawake wanahabari wa Uganda, kilichoanzishwa mwaka 1983, kilifungua kituo chake chenyewe, Mama FM, mwaka 2001. Hapo umiliki wa kituo umo mikononi mwa wanawake, na mwanafunzi wa kike anaweza kuingia chumba cha mitambo bila kuulizwa amefuata nini.

Lugha ya darasani na lugha ya hewani

Tugeukie suala linalotuhusu zaidi sisi walimu. Mafunzo ya utangazaji yana mambo mengi mema. Mwanafunzi hufundishwa kuvuta pumzi kabla ya sentensi, kukaa umbali unaofaa na maikrofoni, kuandika kwa ajili ya sikio, na kuuliza maswali yasiyojibiwa kwa "ndiyo" au "hapana" tu. Hakuna wa kuyapinga hayo. Tatizo huanza pale mkufunzi anapomfundisha pia "sauti ya redio", yaani ile sauti na ile lugha ambayo yeye mwenyewe aliikuta studio.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama mmoja wa ufuoni, aliyekulia ng'ambo, anaelezwa arekodi habari za soko. Anasema: "Bamama banasema samaki iko kidogo." Mkufunzi anamsahihisha: "Wanawake wameelezea kusikitishwa kwao na uhaba wa samaki."

Tuzihakiki sentensi hizi mbili. Ya pili ni sanifu na haina kosa la kisarufi. Lakini kitendo cha kusema kimegeuka "kusikitishwa", na hali ya soko imegeuka "uhaba". Akina mama waliokuwa wanasema sasa wanaelezewa tu. Msemaji naye amehama: katika sentensi ya kwanza yuko sokoni pamoja nao, katika ya pili yuko ofisini akiandika ripoti. Na ile *ba-* ya "bamama banasema", ambayo mwalimu wa Kiswahili sanifu huikata kwa wino mwekundu, ndiyo inayomfanya msikilizaji wa Kibemba ahisi yuko nyumbani, kwa kuwa yeye pia husema *abantu* na *abana*. Kilichoitwa kosa ni daraja kati ya lugha mbili.

Jambo hili lina uzito. Mtafiti Debra Spitulnik, katika makala yake ya mwaka 1996 kuhusu Zambia, alionyesha jinsi misemo ya redio inavyotoka hewani na kuingia katika mazungumzo ya kila siku ya watu. Ikiwa ni hivyo, anayezungumza redioni ni mwalimu wa lugha apende asipende. Akifundishwa kusema kama ripoti, atawafundisha wasikilizaji wake kwamba mambo yao wenyewe hayawezi kusemwa vizuri ila kwa lugha ya ripoti.

Hasara yake si ya lugha pekee. Sheria ya Zambia hufunga uvuvi katika Mweru kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari. Anayekausha na kuuza chisense, wale samaki wadogo wanaofanana na dagaa, anahitaji kuelewa ni nini hasa kimekatazwa. Lugha saba za Kizambia zinazotumiwa na shirika la utangazaji la taifa ni Kibemba, Kinyanja, Kitonga, Kilozi, Kilunda, Kiluvale na Kikaonde. Kiswahili hakimo. Kwa mama wa Mantapala asiyejua Kibemba vizuri, kipindi cha redio ya jamii chenye Kiswahili cha huko kinaweza kuwa tofauti kati ya kuijua sheria na kunyang'anywa mzigo.

Neno lililoazimwa

Je, tuseme basi kwamba Kiswahili sanifu hakina kazi katika mafunzo haya? La hasha. Ushahidi wa kinyume unatoka Bukavu.

Chouchou Namegabe alianza kazi ya redio akiwa msichana katika Radio Maendeleo, na mwaka 2003 alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha wanawake wanahabari wa Kivu ya Kusini. Chama hicho kiliwafundisha wanawake kazi ya redio, kikaunda vikundi vya usikilizaji vijijini, na kurekodi ushuhuda wa wanawake waliotendewa ukatili wakati wa vita. Mwaka 2009 Namegabe alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani. Amewahi kusimulia kwamba walipoanza kulizungumzia jambo hilo hewani walikosa neno la kulitaja hadharani katika lugha za kwao. Wakaazima neno *ubakaji* kutoka Kiswahili cha Tanzania.

Wanafunzi wa isimu wanapaswa kulitafakari tukio hilo. Jamii ina tafsida nyingi kwa mambo ya aibu, na tafsida ni mali ya lugha. Lakini tafsida humfunika mtendaji pamoja na mtendwa. Neno *ubakaji* liliwawezesha wanawake kusema kwamba kilichotokea ni kosa la mtu fulani, wala si bahati mbaya. Neno lililokuzwa kwingine kwa matumizi ya sheria na magazeti likawa chombo kwa mama wa kijijini.

Kwa maoni yetu, tofauti kati ya mfano huu na ule wa soko ni moja. Bukavu wanawake wenyewe waliona pengo, wakatafuta neno, wakalichukua. Katika mfano wa soko hapakuwa na pengo lolote. Sentensi ilikuwa nzima, nayo ilibadilishwa kwa kuwa haikufanana na ya mkufunzi. Kiswahili sanifu kinapokuja kama ghala la kuazima, kinasaidia. Kinapokuja kama mzani wa kupimia nani anafaa kusikika, kinanyamazisha.

Hitimisho: kazi yetu walimu

Kutokana na hayo tunatoa mapendekezo matatu. Kwanza, mafunzo ya wanawake yaanzie kwenye uhariri. Mwanafunzi akate na kuunga mahojiano yake mwenyewe kabla ya kufundishwa namna ya kusoma taarifa. Pili, wakufunzi watenganishe makosa ya redio na tofauti za lahaja. Kumeza maneno ni kosa la redio. *Ba-* si kosa. Tatu, idara za Kiswahili zitayarishe orodha fupi za istilahi za sheria, afya na uvuvi kwa ajili ya redio za jamii, zikiwa na maelezo mepesi, ili atakayehitaji neno alipate bila kupoteza namna yake ya kusema.

SADC ilikipitisha Kiswahili kuwa lugha yake rasmi mwaka 2019, na Zambia ni mwanachama. Tunashangilia sana habari za namna hiyo, na ni haki yetu. Lakini Kiswahili kilikuwa Mweru kabla ya azimio lolote, kikiwa na sura ambayo vitabu vyetu vya sarufi haviitambui. Tukienda huko kufundisha bila kusikiliza kwanza, tutamfanyia mama wa Nchelenge yale waliyofanyiwa Nachituti na maneno yake.

Tunapendekeza kwamba wanafunzi wa mwaka wa pili wapewe zoezi: kila mmoja arekodi kipindi kimoja cha wanawake katika redio iliyo karibu naye, ahesabu ni dakika ngapi anazungumza mtangazaji na ngapi wanazungumza wanawake wenyewe, kisha aulize kituoni nani aliyekihariri. Majibu yao tungependa kuyachapisha katika toleo lijalo.