Kununua na Kukodi

Neno kununua lina maana ambayo kila mtu wa Kwale huifahamu kabla hajajua kusoma. Anunuaye jembe sokoni Ukunda hutoa fedha yake, huchukua jembe lake, na maneno huishia hapo. Jembe hilo aweza kulilimia, kumwazima jirani, kulitia mpini mpya, kuliuza, au kumrithisha mwanawe. Aliyemwuzia hana sauti tena juu yake. Yafaa basi, msomaji, tuulize kama maana hiyo ingali hai katika vitu vinavyouzwa leo.

Itazame taa ya jua. Kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza vyombo hivyo nchini Kenya katika mwaka 2012. Mnunuzi wa siku zile alitanguliza fedha kidogo, kisha alilipa kiasi cha shilingi 40 au 50 kwa siku kwa njia ya M-PESA, hata deni likaisha. Ndani ya chombo mlikuwa na kadi ya simu; malipo yakikoma, taa ilizimwa kutoka mbali, ijapokuwa jua limewaka kutwa nzima. Katika mwaka 2020 Safaricom ilileta mpango wa Lipa Mdogo Mdogo: simu ya kulipiwa shilingi 20 kila siku, nayo hufungwa mkopo usipolipwa.

Haki yataka tuanze kwa sifa. Mvuvi wa Msambweni hapati kwa urahisi bei ya chombo kizima kwa mara moja. Kwa mpango huu aliweza kuiacha koroboi na moshi wake, na watoto wake wakasoma usiku. Tena deni hili lina mwisho: fungu la mwisho likilipwa, kufuli hufunguka na chombo huwa chake. Mkopo wenye mwisho si aibu.

Lakini kasoro ipo. Wakati wa kusi, bahari ikichafuka na samaki wakiadimika, mdeni wa zamani alikwenda dukani akaeleza shida yake, na mwenye duka aliyemjua aliweza kumpa muda. Kufuli iliyomo ndani ya chombo haina masikio. Haiulizi kama mdeni ni mgonjwa au ni mvivu, hufunga tu.

Kubaya zaidi ni kule kusiko na mwisho. Nyimbo, filamu na programu za kompyuta sasa hulipiwa ada kila mwezi. Mtu aweza kulipa miaka kumi, na mwezi atakaoshindwa akakuta kabati tupu. Hata kilichoitwa kununuliwa hakina salama. Katika Julai 2009 kampuni ya Amazon ilifuta kutoka katika vyombo vya kusomea vya wateja wake vitabu viwili vya George Orwell, kimoja kikiwa kile kijulikanacho kwetu kwa jina la Shamba la Wanyama, kwa sababu aliyeviuza hapo hakuwa na haki navyo. Wateja walirudishiwa fedha, na kampuni iliomba radhi; lakini mwanafunzi mmoja wa Marekani alibaki na maelezo aliyoyaandika, kitabu chenyewe kimetoweka. Katika mwaka 2024 jimbo la California lilitunga sheria ya kuwazuia wauzaji wa vitu vya namna hiyo kutumia neno kununua pasipo kumweleza mteja wazi kwamba apewacho ni ruhusa tu.

Huenda ukasema, msomaji, kwamba umiliki wa nusu si jambo geni kwetu. Ni kweli. Kwa desturi ya pwani hii, mnazi waweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi yake ikawa ya mwingine. Lakini mipaka ya haki hizo ilijulikana na majirani walikuwa mashahidi. Madhara yalikuja pale mipaka ilipoandikwa katika karatasi ambazo wengi hawakuziona. Chini ya Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908, ardhi ya pwani isiyodaiwa iliwekwa mikononi mwa serikali ya kikoloni, na wengi waliokuwa wakilima pasipo hati waliishia kuitwa maskwota. Walikuwa na matumizi. Hawakuwa na umiliki. Basi mtu wa Kwale ana sababu ya kusoma mkataba kabla ya kubonyeza neno nimekubali.

Nguo ya kuazima haisitiri maungo, walisema wazee. Kabla hujatoa shilingi yako, uliza mambo matatu. Deni hili litakwisha lini? Nikiacha kulipa, nitabaki na nini? Kikiharibika, naruhusiwa kumpelekea fundi wa Diani akitengeneze? Ukijibiwa vema, nunua. Usipojibiwa, jua kwamba unakodi, wala usikubali kutozwa bei ya kununua.