Pongezi kwa mchora vyumba ubaoni

Kabla kipindi hakijaanza, mwalimu wa hisabati ameshajaza ubao mistari ya kusimama na ya kulala, kwa chaki na rula ndefu ya mbao. Kisha anachora pembetatu: A(1, 2), B(4, 2), C(1, 5). Isogezwe hatua 3 kulia, 2 chini.

A inapaswa kutua (4, 0). Wapo wanafunzi wanaoifikisha (3, 1), maana wamehesabu nukta ya kuanzia kuwa hatua ya kwanza. Ubaya wa kosa hili ni kwamba likirudiwa kwenye pembe zote, umbo linatokea zuri kabisa, halikupinda wala kunenepa. Atakayelibaini ni anayekagua nukta moja moja, daftari kwa daftari, na madaftari ni mengi. Mwingine husogeza A peke yake, pembetatu ikavutika kama mpira.

Mwalimu hampi jibu aliyekosea. Anamwekea kidole kwenye nukta: “Hapa ni sifuri. Sasa ruka.” Anarudia hayo dawati kwa dawati, mikono imejaa chaki.

Mzazi, ukipita shuleni, mshukuru. Ukiweza, mpelekee ubao wenye vyumba.