Ukuta na Mwenyewe: Swala la Hadhira katika Michoro ya Mijini

Uhakiki wa michoro ya ukutani umejengwa, kwa kiasi kikubwa, juu ya dai moja ambalo halijachunguzwa vya kutosha: kwamba mchoro ukitolewa katika jumba la makumbusho na kuwekwa barabarani, papo hapo huwa mali ya umma. Dai hili lina mvuto wake. Mpita njia halipi kiingilio, wala hahitaji elimu ya chuo ili ainue macho yake. Hata hivyo, kila ukuta una mwenyewe, na uhakiki unaomsahau mwenye ukuta huishia kusifu rangi tu.

Makala haya yanakusudia kulipima dai hilo kwa kutazama kuta chache za miji ya Marekani na Ulaya. Msimamo wake ni kwamba mchoro hauwi wa umma kwa sababu uko mahali pa wazi, bali kwa sababu ya uhusiano baina ya fanani na hadhira yake. Istilahi hizi mbili zimetoka katika taaluma ya fasihi simulizi, na hazikuazimwa hapa kwa ajili ya mapambo. Kama ilivyo ngano, mchoro wa ukutani hutolewa mbele ya watu, mahali maalum na kwa wakati maalum. Huongezwa na kupunguzwa. Na mwisho wake hufa. Basi si ajabu kwamba vipimo vya kitabu na vya fremu vinashindwa kuueleza.

Mwenye Ukuta Akisema

Mfano unaotajwa mara nyingi zaidi ni ule wa Mexico. Baada ya mapinduzi yaliyoanza mwaka wa 1910, José Vasconcelos, aliyekuwa waziri wa elimu tangu 1921, aliwapa wachoraji kuta za majengo ya serikali. Diego Rivera, José Clemente Orozco na David Alfaro Siqueiros wakazigeuza kuta hizo kuwa kitabu cha historia katika nchi ambamo wengi hawakujua kusoma. Mafanikio yao ni makubwa, wala hayakanushiki. Lakini isisahaulike kwamba kuta zile zilikuwa za dola, na dola ndiyo iliyoyafungua milango.

Rivera alipovuka mpaka na kwenda kufanya kazi New York, tofauti ilidhihirika. Mwaka wa 1933 alikuwa akichora katika jengo la RCA, Rockefeller Center, mchoro uliomwonyesha mwanadamu kwenye njia panda. Ndani yake aliitia sura ya Lenin. Alipotakiwa kuiondoa alikataa. Alilipwa ujira wake, akaachishwa kazi, mchoro ukafunikwa, na mwezi wa Februari 1934 ukabomolewa. Katika mwaka huo huo Rivera aliuchora upya katika Palacio de Bellas Artes, jijini Mexico.

Jambo la kuzingatia hapa ni kule kulipwa. Tajiri hakumdhulumu msanii hata senti. Alinunua kazi, kisha akaitupa kama mtu anavyotupa kiti alichokinunua. Mbele ya sheria ya mali hapakuwa na kosa. Kwa hiyo ugomvi haukuhusu ubora wa sanaa, bali ulihusu mamlaka juu ya ukuta. Mamilioni ambao wangepita mbele ya mchoro huo hawakuulizwa lolote, kwa kuwa walikuwa bado hawajawa hadhira. Walikuwa wapita njia tu.

Chokaa Isiyofuta

Mwaka mmoja kabla ya kisa hicho, Siqueiros alikuwa Los Angeles. Aliagizwa achore ukuta wa nje juu ya Olvera Street, mtaa ambao mnamo 1930 ulikuwa umefanywa soko la watalii lenye sura ya Kimexico. Walioagiza walitarajia mandhari ya kupendeza ya nchi za joto. Siqueiros aliacha nafasi ya katikati wazi hadi usiku wa mwisho. Mchoro ulipofunuliwa mwezi wa Oktoba 1932, watu waliona mwenyeji wa asili wa Amerika amesulubiwa, tai akiwa juu ya msalaba, na pembeni wapiganaji wawili wamemwelekezea tai huyo mitutu ya bunduki.

Ili maana ya mchoro huu ieleweke, ni lazima usomwe pamoja na mtaa wenyewe. Chini, Mexico iliuzwa kwa watalii kwa umbo la kofia na vyungu. Na katika miaka hiyo hiyo watu wenye asili ya Mexico walikuwa wakisombwa na kurudishwa kwao kwa kisingizio cha dhiki ya uchumi. Siqueiros aliuweka ukweli wa pili juu ya paa la uwongo wa kwanza. Haishangazi kwamba sehemu iliyoonekana kutoka mtaani ilipakwa chokaa upesi, na baadaye mchoro wote ukafunikwa.

Hata hivyo chokaa hiyo haikudumu. Kufikia miaka ya 1960 ilianza kubambuka, na umbo la yule aliyesulubiwa likaanza kujitokeza kama kivuli. Wakati huo ndipo wasanii vijana wa Kichicano walipokuwa wakitafuta asili ya sanaa yao, na ukuta ule uliofutwa ukawa miongoni mwa walimu wao. Mchoro ulipata hadhira yake miaka thelathini na zaidi baada ya kunyamazishwa. Mnamo 2012, baada ya kazi ndefu ya taasisi ya Getty na serikali ya jiji, ulifunguliwa tena kwa watazamaji. Wahifadhi hawakuthubutu kuupaka rangi mpya. Waliacha kufifia kwake kuonekane. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, kwani kule kufutwa kumekwisha kuwa sehemu ya maudhui.

Ukuta wa Heshima

Mfano wa Chicago una sura nyingine. Mwaka wa 1967, wasanii Weusi wa chama cha OBAC, wakiwemo William Walker, Jeff Donaldson, Wadsworth Jarrell na Barbara Jones-Hogu, walichora kwenye jengo chakavu katika njia panda ya barabara za 43 na Langley. Ubunifu wa mpangilio ulikuwa wa Sylvia Abernathy. Waliouita Ukuta wa Heshima walichora mashujaa wao: Malcolm X, Muhammad Ali, W. E. B. Du Bois, Nina Simone, John Coltrane na wengineo. Jengo halikuwa lao. Lakini kazi ilifanywa mchana mbele ya wakazi, na wakazi wakatoa maoni, wakaulinda ukuta, wakasoma mashairi na kupiga muziki mbele yake. Hapa ndipo fanani na hadhira wanapokutana kikamilifu.

Ingekuwa rahisi kumalizia hapo kwa kuisifu jamii. Ukweli una ugumu zaidi. Sehemu ya viongozi iliyochorwa na Norman Parish ilifutwa muda mfupi baadaye na kuchorwa upya na Eugene Wade, na jambo hilo liliwagawanya wasanii wenyewe. Tena Martin Luther King, aliyekuwa hai na mashuhuri kuliko wengi, hakuwekwa miongoni mwa mashujaa. Kumbe hata ukuta wa umma una wenye sauti kubwa na wenye sauti ndogo, na chokaa haishikwi na mabwanyenye peke yao. Mhakiki anayetumia neno "umma" kana kwamba ni mtu mmoja mwenye nia moja hufanya kosa lile lile la yule anayedhani kwamba mtaa ni wa kila mtu.

Jengo hilo liliungua mwaka wa 1971, kisha likabomolewa. Lakini michoro ya mitaani iliyofuata katika miji mingi ya Marekani ilizaliwa nalo.

Sheria na Ndoo ya Rangi

Huenda ikasemwa kwamba dawa ya haya yote ni sheria. Ipo hoja ya nguvu hapo. Katika mtaa wa Queens, New York, majengo yaliyoitwa 5Pointz yalikuwa yamejaa michoro iliyoruhusiwa na mwenye mali. Mwezi wa Novemba 2013 mwenye mali huyo aliifunika kwa rangi nyeupe usiku. Mnamo 2018 mahakama iliamuru wasanii 21 walipwe dola milioni 6.7, na mwaka wa 2020 mahakama ya rufani ikaithibitisha hukumu hiyo. Rivera hakuwa na kinga kama hiyo. Lakini sheria hiyo ilitambua haki ya mchoraji tu. Mkazi aliyeuzoea ukuta ule hakuwa na daraja lolote mbele ya hakimu.

Mchoraji ajulikanaye kwa jina la Blu alichagua njia iliyo kinyume kabisa. Mwezi wa Desemba 2014 michoro yake miwili mikubwa ya Kreuzberg, Berlin, ilipakwa rangi nyeusi kwa ridhaa yake, wakati uwanja uliokuwa mbele yake ulipokuwa unakusudiwa kujengwa. Mwezi wa Machi 2016, huko Bologna, aliifuta michoro yake ya miaka mingi kwa rangi ya kijivu, akisaidiwa na wakazi, ili kupinga maonyesho yaliyokuwa na michoro iliyobanduliwa kwenye kuta za mitaani. Wapo waliomlaumu kwa kuwanyima watu urithi wao, na lawama hiyo ina uzito. Lakini tendo lake lilieleweka. Mchoro uliokatwa na kutiwa ndani ya jumba la kiingilio umepoteza hadhira yake na kumpata mnunuzi.

Hitimisho

Ukusanyaji wa fasihi simulizi unalifahamu fumbo hili. Ngano iliyonaswa katika kinasa sauti na kuwekwa kabatini imeokoka, lakini imeokoka bila wale waliokuwa wakiitikia, kucheka na kumkosoa mtambaji. Hii si sababu ya kuacha kuhifadhi. Bila picha zilizopigwa, Ukuta wa Heshima usingaliweza hata kujadiliwa. Ni sababu ya kuhifadhi kwa ukamilifu: kuandika mwenye ukuta alikuwa nani, nani walisimama mbele yake, nani walikatazwa kuchorwa, na nani alishika ndoo ya chokaa. Uhakiki utakaojibu maswali hayo ndio utakaoweza kusema kwa haki kwamba mchoro fulani ulikuwa wa umma. Uhakiki usioyauliza utabaki ukiwahesabu wapita njia na kuwaita hadhira.