Spoki Ikilia

Fundi wangu wa Mlaleo hana kifaa cha kupimia gurudumu. Huipindua baiskeli ikasimama kwa siti na usukani chini ya mwarobaini, akalizungusha gurudumu polepole, kisha akazipiga spoki kwa ukucha, moja baada ya moja, kama mpiga udi anayejaribu nyuzi kabla watu hawajakaa. Ting, ting, ting. Halafu tong. Hapo husimama. "Hii imelegea, dada." Huikaza robo mzunguko, akaigonga tena, akasikiliza. Baiskeli ya mume wangu ni Black Mamba ya zamani, spoki 32 mbele na 40 nyuma, na jioni ile kabla ya safari fundi alizipitia zote 72 bila haraka, huku redio ya kinyozi jirani ikimsumbua mpaka akaomba ipunguzwe.

Watu wakisikia tumekwenda Kilifi na kurudi siku moja kwa baiskeli, hutazama miguu yetu. Miguu haina habari kubwa. Mwenye afya yeyote akipunguza pupa atafika. Ninachotaka kukisifu mimi ni sikio, kwa kuwa huko barabarani ndilo lililotupeleka na kuturudisha, na siku hiyohiyo nikaona lilivyotupoteza.

Tuliondoka Kisauni baada ya swala ya alfajiri, Jumapili moja ya Januari, makarai ya mahamri ndiyo kwanza yanaanza kuchemka. Januari ni mwezi wa kaskazi, na tuliuchagua makusudi. Ukienda Kilifi wakati wa kusi, upepo unakusukuma mgongoni unapokwenda, unajiona bingwa, kisha unakusubiri wakati wa kurudi, ukiwa umechoka na jua limekuchoma. Kaskazi hukudai kwanza na kukulipa baadaye. Manahodha walilijua hilo kabla ya mtu yeyote kufikiria kupanda magurudumu mawili.

Na hayo magurudumu mawili si ya kale sana. Mwaka 1817 Mjerumani Karl Drais alitoka mji wa Mannheim akiwa amekalia chombo cha mbao kisicho na pedeli, akisukuma ardhi kwa miguu yake. Waliowahi kuona chukudu za Goma, zile za mbao zinazobeba magunia ya viazi kwa kusukumwa na mguu mmoja, hawatamshangaa sana Drais. Baiskeli yangu mimi ni ya mtumba, ina gia, na kwenye fremu bado kuna kibandiko cha duka la Ujerumani. Sijui ilizunguka vijiji gani huko kabla ya kupakiwa kwenye kontena. Mimi naijua mizunguko yake ya Barsheba na Mwandoni.

Bamburi tulipita kukiwa na weupe kidogo. Kiwanda cha saruji kilichoanza uzalishaji mwaka 1954 kilichimba matumbawe hapo mpaka pakabaki shimo jeupe lisiloota hata nyasi. Mwaka 1971 René Haller akaanza kupanda miti humo, na mivinje ikawa miongoni mwa michache iliyokubali. Aliye ndani ya matatu hana namna ya kujua, lakini kwa baiskeli unaisikia. Mvinje hauchakachi kama mnazi. Unavuma kwa ndani, mfano wa mtu anayeimba amefunga mdomo. Tulipousikia ule uvumi, mume wangu akasema, "Kaskazi imeamka." Hapakuwa na jani lililotikisika kando yetu.

Makondakta nao waliamka. "Mama, nauli imepanda?" Mwingine akamwuliza mume wangu kama hajui kwamba mke hupandishwa gari. Nilikuwa nimevaa suruali chini ya dera, mtandio chini ya helmeti, na sikuona kilichokosekana. Paje na Jambiani nimewaona wanawake na mabuibui yao juu ya baiskeli wakienda shughuli zao, wala hakuna anayegeuza shingo. Mombasa tunajiona wajanja, lakini kwa hili Unguja wametuacha mbali.

Kwenye mteremko wa daraja la Mtwapa tukamkuta muuza madafu akipanda upande wake, anaelekea mjini. Hakuwa ameipanda baiskeli. Alikuwa akiisukuma, mashada ya madafu yakining'inia huku na huku, moja likilizuia jingine. Huyo ndiye msafiri wa kweli wa barabara hii. Sisi tulikwenda kwa raha zetu, yeye huenda kila siku na mzigo unaotaka kumwangusha kila akikata kona, na hakuna anayemwuliza habari za miguu yake. Alisimama kupumua, tukasimama naye, tukanunua mawili. Alikuwa bado anakata la kwanza aliponiambia, bila hata kuiangalia baiskeli yangu, "Mama, cheni yako yalia. Yaomba mafuta." Akatoa chini ya siti kichupa cha oili chafu, akadondosha matone machache huku nikizungusha pedeli kinyumenyume. Ule mkwaruzo niliokuwa nimeuzoea tangu Shanzu ukakoma. Nilikuwa nimeusikia kilomita zote hizo nisiujali. Yeye aliusikia kwa hatua kumi tu.

Sheria yetu ya ndoa ya barabarani ni hii: upepo ukiwa umetulia, mwenye mwendo mdogo ndiye anayetangulia, yaani mimi, na mwenye nguvu hufuata. Kwa hiyo najua hali ya mume wangu bila kugeuka. Friwili yake ikilia tikitikitiki, ameacha kupiga pedeli, ana nafasi. Ikinyamaza muda mrefu na kiti kikaanza kulalamika, amechoka, ingawa ukimwuliza atakataa. Hatuzungumzi. Nyumbani, kwa chumba na sebule, hatujawahi kusikilizana namna hiyo kwa saa nne mfululizo.

Lakini upepo wa mbele huigeuza sheria. Lazima mwenye nguvu atangulie akate upepo, mwenzake ajifiche nyuma yake. Vipingo, kwenye mashamba ya mkonge ambako hakuna ukuta wala mti wa kuuzuia, kaskazi ilitupata sawasawa. Akatangulia. Baada ya muda nikahisi gurudumu la nyuma linaogelea: pancha. Nikapiga kengele. Nikapiga tena. Nikaita kwa sauti ambayo mama yangu asingependa kuisikia kwa binti yake. Yeye alikuwa anazidi kuwa mdogo kati ya mistari ya mkonge. Ndipo nikaelewa: upepo uliokuwa ukimpiga yeye usoni ulikuwa ukiichukua kengele yangu na kuirudisha Mtwapa.

Nikakaa ukingoni nikalitoa tairi. Mwaka 1887 John Boyd Dunlop alitengeneza tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe huko Belfast, na tangu hapo binadamu wamekuwa wakikaa kando ya barabara wakitafuta tundu. Fundi wa Mlaleo ana karai la maji, huona mapovu. Mimi sikuwa na maji ya kumwaga. Nikaijaza tyubu upepo, nikaipitisha taratibu karibu na sikio, mgongo nimeuelekeza kwenye kaskazi, mpaka nikaupata mnong'ono. Mwiba mdogo. Msasa, solushani, subira, kiraka. Subira ndiyo wengi huiruka. Solushani ikibandikwa mbichi haishiki.

Mume wangu alirudi nikiwa natia pampu. Alikuwa amefika karibu kilomita moja mbele. "Nilisikia kimya," akasema. Hakuisikia kengele, alichosikia ni kutokuwepo kwa cheni yangu. Nikamsamehe, ila si palepale.

Kilifi sikuzungumzii sana. Tulikula wali wa nazi na samaki, tukakaa Mnarani karibu na magofu ya msikiti wa mji ulioachwa katika karne ya 17, chini yetu maji ya mkono wa bahari, na juu yake daraja lililofunguliwa mwaka 1991, ambalo kabla yake watu walivuka kwa feri. Tulilala kidogo kivulini. Ni mji mzuri, na nilikuwa na njaa.

Saa tisa tukageuza. Hapo kaskazi ikaanza kulipa, na malipo yake sikuyatarajia. Mwendo wako ukilingana na upepo ulio mgongoni, upepo hutoweka. Masikio hubaki wazi. Kilomita baada ya kilomita nilisikia kila kitu: tairi likinong'onezana na lami, raba moja ya breki ikigusa rimu kwa mbali, mkonge ukichomana, friwili ya mume wangu ikisema ana nafasi. Nilisikia lori likibadilisha gia kwenye kona niliyokuwa nimeshaisahau. Nilijua lilipo, nilijua lina mzigo, na nilikuwa nimeshasogea kando muda mrefu. Dereva, kwa nia njema naamini, akaibana honi yake yote alipofika mgongoni pangu. Mwili wangu uliruka wenyewe. Nikaishia mchangani na goti limechubuka, mume wangu akanifuata humohumo, na lori likaenda zake.

Tuliingia Kisauni na maghrib. Asubuhi fundi alilipindua gurudumu langu la mbele akazipiga spoki. Mbili zilitoa tong.

Kwa hivyo, bwana dereva unayeshika barabara ya Malindi: ukimwona mtu wa baiskeli mbele yako, awe na madafu, mikate au mke wake, mwachie mita moja na nusu upite. Honi usipige. Tumekusikia tangu zamani.