Jino Moja la Mkanda, Sekenke

Malori makubwa yanayopanda mlima Sekenke, wilayani Iramba, hayana habari na mkanda wa taimingi, kwani kemshafti zake huzungushwa na gia. Wenye sababu ya kuhofu ni madereva wa Land Cruiser hadtopu, magari ya wagonjwa na Coaster zenye injini ya 1HZ. Dizeli hiyo ya Toyota, lita 4.2, silinda 6 na valvu 12, ina sifa ya kutokufa. Ila uhai wake umeshikwa na kipande cha raba.

Krenki ya 1HZ huzungusha pampu ya dizeli kwa gia, kisha mkanda mfupi hutoka kwenye puli ya pampu hadi puli ya kemshafti, inayoendesha valvu. Kazi ya kuubadilisha si ndefu, na huenda ndiyo maana inadharauliwa.

Dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na 1HZ huibana mara 22.4. Ili ifike hapo, pistoni hupanda mpaka ikaribie kabisa silinda hedi. Valvu ikichelewa kufunga, haina pa kukimbilia. Injini ikizunguka mara 3,600 kwa dakika, kila valvu hufunguka na kufunga mara 30 kwa sekunde. Corolla ya petroli yenye 4A-FE ina nafasi ya kutosha kati ya pistoni na valvu. Mkanda ukikatika, gari linazima tu, unafungwa mwingine, safari inaendelea. Dereva aliyelelewa na Corolla akikabidhiwa hadtopu, mazoea yake ni hatari.

Na si lazima mkanda ukatike. Kwenye puli ya kemshafti yenye meno 40, kuruka jino moja ni digrii 9 za kemshafti, yaani 18 za krenki. Injini inaweza kuwaka, lakini mlimani nguvu haipo. Yakiruka meno kadhaa, valvu zinapinda. Gari likiegeshwa Sekenke likitazama juu, gia ya kwanza ikiwa ndani, kisha likateleza nyuma, injini huzungushwa kinyume: upande wa mkanda uliokazwa unalegea, na mkanda uliochoka hupata mwanya wa kuruka.

Fundi hupandisha pistoni namba moja juu kabisa, hulinganisha alama za puli zote mbili, huvalisha mkanda na kulegeza bolti ya tensheni ili springi ivute. Hapo wengi hukimbilia ufunguo. Aliye makini hutia spana kwenye bolti ya puli ya krenki na kuzungusha kwa mkono, kwa upande wa kawaida wa injini, mizunguko miwili kamili, maana kemshafti huzunguka mara moja kwa kila mara mbili za krenki. Spana ikigota ghafla, halazimishi; huenda valvu imekutana na pistoni, na mkono uliokoma mapema haujaipinda. Staata isingeuliza. Alama zikirudi mahali pake, ndipo anakaza tensheni.

Taa ya T-BELT kwenye dashibodi, iliyozoeleka kuwaka kila kilomita 100,000, huhesabu kilomita tu. Gari la wagonjwa linalonguruma nje ya zahanati haliongezi hata moja, ilhali mkanda unachapa kazi. Taa haioni oili inayovuja kwenye sili ya kemshafti na kulowesha raba. Isitoshe, inaweza kuzimwa bila mkanda kubadilishwa, hesabu ikaanza upya. Anayenunua hadtopu ya mnada afungue kava autazame mkanda wenyewe. Ni bolti chache tu.