Sauti Nyuma ya Kioo

Siku hizi mwalimu wa Kamanga halazimiki kupanda feri kwenda Mwanza kila anapotaka kujifunza jambo jipya. Simu yake humletea video inayoonyesha kioo cha kompyuta, huku sauti ya mtu asiyeonekana ikieleza kinachotendeka humo. Nimetazama nyingi za aina hiyo, na napenda kuzipima kama wakufunzi wanavyopima somo la mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha.

Salman Khan wa Marekani alianza kumfundisha binamu yake hisabati kwa mbali mwaka 2004, na mwaka 2006 akaanza kuweka video zake YouTube. Uso wake haukuonekana. Mtazamaji aliona ubao mweusi na mwandiko ukikua hatua kwa hatua, tarakimu na maelezo yake vikifika pamoja. Uzuri wa somo lile ni huo: mkono na sauti vilikwenda kwa mwendo wa mtu anayefikiri.

Video nyingi za kwetu nilizoziona hazina mwendo huo. Ukurasa huletwa umejaa maandishi, kisha sauti ikausoma. Ndugu msomaji, kumsomea mtu mzima kitu anachoweza kukisoma mwenyewe si kufundisha. Nyingine huonyesha mahali pa kubonyeza bila kusema kwa nini. Siku programu ikibadilika sura, mwanafunzi hana lake.

Hata hivyo, kasoro kubwa zaidi haimo ndani ya video. Imo katika kudhani kwamba ikishatazamwa, mafunzo yamekwisha. Nchi hii ilipata kulielewa vema jambo hilo. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walifundishwa kwa redio, lakini hawakuachiwa redio peke yake. Walikaa katika vikundi, wakiwa na viongozi na vitabu; wakasikiliza, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Redio ilianzisha somo, watu wakalimaliza.

Video ina faida ambayo redio ile haikuwa nayo: yaweza kusimamishwa na kurudiwa. Basi na isimamishwe. Walimu wanne waizunguke simu moja, na mmoja wao aulize, "Wewe ungefanyaje hapa?" Hapo fedha ya bando itakuwa imenunua somo. Asipokuwapo wa kuuliza, mwalimu atarudi darasani na yale yale ya jana, na watakaopunjwa ni watoto.